Impreza Iliyoshushwa: Tairi Linasugua, Usukani Unatetemeka, Bega la Ndani Linaisha

Tunazungumzia Subaru Impreza WRX na WRX STI za umbo la GD, zile za 2000 hadi 2007, kwa kuwa hizo ndizo zimejaa kwenye gereji kuanzia Nairobi mpaka Dar es Salaam zikiwa zimekatwa springi au kuwekewa koilova (shokapu na springi pamoja, urefu wake ukirekebishika). Mwenye Altezza au Legacy atabadilisha namba tu. Njia ya kutafuta chanzo ni ileile.

Mtu akisikia tairi linasugua, jambo la kwanza analofikiria ni kwamba tairi ni kubwa. Mara nyingi tairi halina kosa. Kosa liko kwenye ofseti ya rimu (milimita kati ya katikati ya upana wake na uso unaofungwa kwenye gari), au gari limeshushwa kupita mahali ambapo rimu yoyote ingefaa. Kabla ya kununua chochote tafuta alama: ndani, nje, juu au mbele ya gurudumu. Mahali ilipo alama panakuambia nusu ya jibu.

Jua gari lilitoka na nini

WRX nyingi za Japani zilitoka na rimu 17x7 (kipenyo na upana kwa inchi) yenye ofseti 55 na tairi 215/45R17 (upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu ya 17). STI za mwanzo zilikuwa na 17x7.5 ofseti 53 na 225/45R17. Kuanzia modeli ya 2005 STI ikapanda hadi 17x8 ofseti 53, ikivaa 225/45R17 au 235/45R17 kutegemea soko. Tundu la katikati ni milimita 56.1, na nati ni 12x1.25.

Panapoumiza watu ni PCD, yaani idadi ya stadi na kipenyo cha duara lake kwa milimita. WRX ni 5x100, na STI za mpaka modeli ya 2004 vilevile. STI za modeli ya 2005 na kuendelea ni 5x114.3. Usiamini mwaka ulio kwenye kadi ya gari, wala bampa, maana bampa hubadilishwa kirahisi. Pima mwenyewe: chukua umbali kutoka katikati ya stadi moja hadi katikati ya stadi inayofuata ubavuni mwake. Ukipata milimita 58.8, hiyo ni 5x100. Ukipata 67.2, hiyo ni 5x114.3. Muuzaji anayesema rimu "inaingia kwa kulazimisha kidogo" muage umwache na rimu yake.

Hesabu ya ofseti, mara moja na kwa wote

Rimu ikiongezeka upana kwa inchi 1, inaongezeka milimita 12.7 kila upande. Ofseti ikishuka kwa milimita 7, rimu nzima inasogea nje milimita 7. Basi.

Chukua WRX yenye 17x7 ofseti 55, mwenye gari anataka 17x8 ofseti 48. Upande wa nje: 12.7 + 7 = milimita 19.7 zaidi kuelekea madigadi. Upande wa ndani: 12.7 − 7 = milimita 5.7 zaidi kuelekea shokapu. Hilo gari lililoshushwa kwa kiasi linalibeba bila vita.

Sasa chukua rimu inayopendwa kwa macho, 18x8.5 ofseti 35. Upande wa nje: 19 + 20 = milimita 39. Ndani inarudi nyuma kama milimita 1. Milimita 39 ni upana wa vidole viwili na ushee. Ukiwa umeshusha gari milimita 40, mdomo wa madigadi ya nyuma utakata bega la tairi siku utakapobeba abiria watatu. Hakuna fundi wa alaimenti atakayerekebisha hilo.

Dalili: tairi linasugua

Vifaa ni chaki, timazi ya fundi ujenzi, tochi, na biti ya drili ya milimita 5 ya kupimia nafasi. Pia mifuko minne ya saruji ya kilo 50, au watu wanne wasiosita kukaa kwenye gari. Jaza upepo kulingana na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Paka chaki kwenye bega la nje, bega la ndani, na mdomo wa madigadi. Endesha polepole kwenye tuta moja ukiwa umenyoosha, kisha tuta lilelile ukiwa umekata usukani nusu, halafu simama na ukate usukani mpaka mwisho pande zote. Angalia chaki imefutika wapi.

*Imefutika bega la nje, madigadi ya nyuma, gari likiwa na mzigo.* Rimu imetoka nje mno. Ning'iniza timazi kutoka mdomo wa madigadi, uone bega la tairi limepita uzi au la. Anza na kemba, yaani gurudumu kulala upande; ni hasi pale juu inapoelekea ndani. Kila nyuzi 1 ya kemba hasi huvuta sehemu ya juu ya tairi la kipenyo hiki ndani kwa takriban milimita 5.5. Nyuma ya GD haina boliti ya kemba kutoka kiwandani, kwa hiyo utahitaji boliti za kemba za kununua au koilova yenye sahani ya kemba juu. Isipotosha, kunja mdomo wa madigadi. Rangi ipashwe moto kwanza hadi uguse uone ni moto wa kuunguza kidogo, kisha roli ipitishwe taratibu, mzunguko baada ya mzunguko. Fundi anayepiga nyundo kwenye rangi baridi ataipasua, na ukiwa Mombasa au Tanga, upepo wa chumvi utaingia kwenye ufa huo na kutu itaonekana kabla mwaka haujaisha. Baada ya kukunja, paka rangi ya kuziba ndani hata kama huoni ufa.

*Imefutika mbele, usukani ukiwa mwisho.* Tairi linapiga plastiki ya ndani ya madigadi, kwa kawaida nyuma ya gurudumu karibu na sketi ya chini, au mbele kwenye kona ya bampa. Rimu yenye ofseti ndogo huzungushwa mbali na mhimili wa usukani, kwa hiyo duara lake linakuwa pana. Kwanza tazama kama vibanio vya plastiki vipo vyote. Kwenye magari yaliyopitia mafundi wengi, nusu ya vibanio huwa vimepotea na plastiki inaning'inia yenyewe. Funga upya kabla ya kulaumu rimu. Ikibaki inagusa, ipashe joto na uisukume nyuma, au kata kipande cha sentimita 2 au 3. Si hatari. Ni kelele tu.

*Inasugua mbele unapokanyaga breki, usukani ukiwa umenyooka.* Hili si la rimu kabisa. Bushi ya nyuma ya mkono wa chini wa mbele imekufa, na gurudumu linarudi nyuma breki ikishika. Weka jeki, ingiza bomba la chuma kati ya mkono na fremu, sukuma. Ukiona mpira umepasuka au mkono unacheza, badilisha bushi kabla ya mazungumzo mengine yote. Watu wamenunua tairi nyembamba zaidi kwa sababu ya bushi.

*Alama iko ndani, kwenye ubavu wa tairi.* Hii ndiyo pekee ambayo gari halipaswi kuendeshwa mpaka itatuliwe. Ubavu hauna waya wa chuma kama kashata, ule uso wa tairi unaokanyaga barabara. Mwili wa shokapu au sahani ya springi inaukwangua kidogo kidogo, na siku moja tairi linapasuka ghafla. Ingiza ile biti ya milimita 5 kati ya tairi na shokapu. Isipopita, nafasi haitoshi. Chanzo huwa mojawapo ya vitu vitatu: ofseti ni kubwa mno kwa upana wa rimu, koilova ina mwili mnene kuliko shokapu ya kiwandani, au sahani ya springi imeteremshwa chini ikakutana na tairi. Hiyo ya tatu hutokea sana kwenye koilova za bei nafuu ambazo urefu wa gari hurekebishwa kwa kuteremsha sahani. Ukishusha zaidi, sahani inafuata tairi.

Na hapa kuna mtego. Ukiongeza kemba kwa boliti ya kemba, ile ya juu kati ya mbili zinazofunga shokapu kwenye nakoli (kipande kinachoshika gurudumu), unainamisha gurudumu kuelekea shokapu. Nje umepata nafasi, ndani umeipoteza. Ukiongeza kemba kwa sahani ya juu, shokapu na gurudumu huinama pamoja na nafasi ya ndani haibadiliki. Kwa gari lenye shida ya ndani, sahani ya juu ndiyo njia.

Spesa ya milimita 3 au 5 hutatua shida ya ndani, lakini hesabu mizunguko ya nati. Nati ya 12x1.25 inatakiwa izunguke kama mara 9 au 10 kutoka inaposhika hadi inapokaza. Spesa ya milimita 5 inakula mizunguko 4. Ukibaki na 6, badilisha stadi uweke ndefu. Usiweke spesa mbili juu ya nyingine hata kama zinatosha.

*Kelele ya kugonga, lakini chaki haijafutika popote.* Shokapu inagota. Springi za kushushia zimefupisha safari ya shokapu, na ule mpira wa kizuizi wa kiwandani umebaki na urefu wake. Pakaza grisi nyembamba kwenye mti wa shokapu, endesha, uone grisi imesukumwa mpaka wapi. Ikiwa imefika kwenye mpira kila unapopita tuta, mpira ukatwe kwa kadiri anayetengeneza springi alivyoelekeza, au gari lipandishwe milimita 10. Shokapu za mbele za STI nyingi zimepinduliwa, mti haupo pa kuona. Hapo utategemea sikio.

Dalili: usukani unatetemeka kuanzia kilomita 80 hadi 110 kwa saa

Mtetemo ukiwa kwenye usukani, anza mbele. Ukiwa kwenye kiti, anza nyuma. Karibu kila mtu hukimbilia balansi, na ni sawa kuanza nayo kwa sababu ni rahisi. Lakini rimu zikiwa zimebalansiwa mara mbili na bado zinatetemeka, acha kulipia balansi. Angalia tundu la katikati.

Rimu za Mark X au Altezza zina tundu la 60.1. Kwenye habu (kitovu ambacho rimu hukaa) ya Impreza ya 56.1 pengo ni milimita 4, yaani 2 kila upande, na rimu inakaa pale ambapo nati ya kwanza iliivuta. Dawa ni pete za habu za 60.1 kwa 56.1, nne, za aluminiamu ukizipata, kwa sababu za plastiki huyeyuka karibu na diski za gari linaloendeshwa kwa nguvu. Kumbuka rimu hizo ni 5x114.3, kwa hiyo zinahusu STI za modeli ya 2005 na kuendelea tu.

Rimu za Caldina na Celica za 5x100 zina shida iliyo kinyume, na ni mbaya zaidi. Tundu lake ni 54.1. Habu haiingii. Mtu akizikaza kwa spana ya upepo, rimu inakaa juu ya ukingo wa habu, uso wake haujagusa diski, na nati zinashikilia chuma kilichopinda. Lazima tundu lipanuliwe na mtu wa mashine ya lathi hadi 56.1. Rimu za Volkswagen za 5x100 zina 57.1, pengo ni dogo, ila matundu ya nati yamechongwa duara kama bakuli. Nati ya Subaru ni koni ya nyuzi 60. Koni kwenye bakuli inashika mstari mwembamba tu na hulegea. Hali kadhalika, nati za Toyota ni 12x1.5: zitaanza kuingia mizunguko miwili kwenye stadi ya Subaru, kisha zitaila.

Kama tundu na nati ni sawa, inua gurudumu, shika waya umekaribia ukingo wa rimu, zungusha kwa mkono. Pengo likibadilika zaidi ya milimita 1 hivi, rimu imepinda. Angalia ukingo wa ndani, kwani shimo la barabarani hupinda ndani, na kwa nje rimu inaonekana nzima.

Dalili: bega la ndani linaisha, katikati na nje hakujaisha

Kila mtu atasema ni kemba. Kemba ya nyuzi 1.5 au hata 2 peke yake haimalizi tairi kwa kilomita 8,000. Kinachomaliza ni tou (mwelekeo wa pua za tairi ukitazama kutoka juu) ikiwa imeelekea nje, juu ya kemba hiyo. Gari likishushwa, fimbo za usukani hubadilisha pembe yake na tou hubadilika bila mtu kugusa kitu. Ndiyo maana gari lililoshushwa Jumamosi na likaachwa bila alaimenti linakula tairi kufikia mwezi wa pili.

Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha kurudi. Upande mmoja ukiwa laini na kurudi kuna makali kama msumeno, hiyo ni tou. Ukiwa laini pande zote lakini tairi limeinama kwa kuisha, hapo ndipo kemba.

Kwa gari la kila siku tumia kemba hasi 1 hadi 1.5 mbele, na nyuma kama 1 hadi 1.5, tou sifuri mbele na nyuma. Subiri siku chache baada ya kushusha ili springi zikae, halafu ndipo uende kwenye mashine. Mwambie fundi aweke mtu au mzigo wa uzito wako kwenye kiti cha dereva. Na akikuambia "imeshindikana, gari liko chini mno", huenda anasema kweli: mikono ya chini ikishapita mlalo na kuinuka kuelekea gurudumu, kemba inaanza kurudi nyuma gari linapolala kwenye kona, na hakuna boliti ya kurekebisha hilo. Kwa GD mpaka huo hufika mapema. Milimita 25 hadi 30 chini ya urefu wa kiwandani inatosha macho na inatosha barabara.

Dalili: gari linajivuta na kuruka kwenye kona kali, polepole

Unageuza kwenye maegesho na gari linashika kama mtu amevuta hendibreki. Hii ni gari la kuvuta magurudumu yote, na matairi hayalingani mzunguko. Difu ya kati (inayogawa nguvu mbele na nyuma) inafanya kazi hata kwenye lami iliyonyooka, inapata joto, na kwenye WRX ya gia za mkono kile kiunganishi cha mafuta mazito kilicho ndani yake hufa.

Pima mzunguko wa kila tairi kwa utepe wa fundi cherehani, upepo ukiwa sawa, katikati ya kashata. Tofauti kati ya tairi kubwa na dogo isizidi milimita 6. Kwa kina cha kashata hiyo ni kama milimita 1. Kwa hiyo matairi mawili mapya mbele na mawili yenye nusu ya kashata nyuma tayari yamepita mpaka. Nunua manne, ya kampuni moja na aina moja. Mitumba minne iliyookotwa kwenye rundo moja ni sawa tu kama umeipima, usikubali macho. Soma pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la zaidi ya miaka 6 lirudishe kwenye rundo hata kama lina kashata ndefu.

Kwa sababu hiyohiyo usiweke tairi pana nyuma na jembamba mbele. Hiyo ni mitindo ya magari ya kuvuta nyuma.

Dalili: gari linafuata mifereji ya barabara

Mifereji iliyochimbwa na malori, kama ile ya Mombasa–Nairobi au Dar–Morogoro, huvuta usukani wa gari lenye tairi pana na ofseti ndogo. Ofseti ikishuka, sehemu tairi linapogusa ardhi inasogea mbali na mhimili wa usukani, na kila bonde linapata mkono mrefu wa kukuvuta. Beringi za habu nazo zinabeba zaidi. Rudi kwenye ofseti ya 45 au zaidi, hakikisha tou haielekei nje, na ikibaki kidogo, zoea.

Dalili: uvimbe ubavuni, rimu kupinda kila mwezi

Ubavu wa 225/45R17 una milimita 101. Wa 225/40R18 una 90. Milimita 11 zinaonekana chache mpaka utakapokutana na shimo lenye makali usiku. Angalia pia mzigo tairi linaoweza kubeba: 215/45R17 yenye namba 87 ni kilo 545, 225/45R17 yenye 91 ni kilo 615. Kuvuta tairi jembamba juu ya rimu pana kunafanya hali iwe mbaya zaidi, kwa sababu ukingo wa rimu unabaki nje bila mpira wa kuulinda. 225/45R17 imekusudiwa rimu ya inchi 7 hadi 8.5. Inchi 9 iache.

Tairi lenye uvimbe halizibwi. Linatolewa.

Kwa hiyo weka nini

Kwa WRX ya 5x100 iliyoshushwa milimita 25 hadi 30: 17x8 ofseti 48, tairi 225/45R17, kipenyo milimita 634 dhidi ya 625 ya kiwandani. Spidomita itakosea kwa asilimia 1.4, ikionyesha 100 unaenda 101. STI ya modeli ya 2005 na kuendelea ibaki na rimu zake za 17x8 na 225/45R17. Ukiipa 235/45R17, kipenyo kinafika 643, na nafasi ya juu inapungua milimita 4 au 5 nyingine, jambo ambalo gari lililoshushwa haliwezi kulipa. Ukitaka tairi pana bila urefu, 245/40R17 ina kipenyo cha 628, lakini inataka rimu ya inchi 8 kwenda juu na mdomo wa nyuma uliokunjwa. Anayeng'ang'ania 18 aweke 18x8 ofseti 48 na 225/40R18, kipenyo 637, na akubali kulipia rimu kunyooshwa.

STI yenye kalipa za Brembo haiingii rimu ya inchi 16, na hata ya 17 inategemea umbo la spoku. Vaa rimu moja mbele bila tairi, kaza nati mbili, zungusha kwa mkono. Spoku zipite kalipa kwa milimita 3 au zaidi.

Kaza kwa mpangilio wa nyota, gurudumu likiwa limegusa ardhi kidogo, kwa spana ya toki kati ya Nm 90 na 110. Baada ya kilomita 100, kaza tena.